Binzari ya Kusaga Nyumbani: Chumvi Ipungue, Mboga Isipoteze Ladha



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia jikoni, kwenye kile kikopo cha viungo. Familia nyingi za Kilosa na Mikumi zinacho kikopo hicho, lakini hufunguliwa siku ya pilau tu: Krismasi, Pasaka, kipaimara cha mtoto, au anapofika mgeni wa mbali. Siku nyingine zote maharage, mchicha na dagaa hutiwa chumvi, na ladha isipotosha huongezwa kidonge cha supu cha dukani. Ningependa kikopo kile kifunguliwe kila siku, Jumatatu kama Jumapili, na chombo cha chumvi ndicho kifunguliwe kwa kubana. Sababu yangu si utamu wa chakula peke yake. Sababu ni presha.

Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanne ana shinikizo kubwa la damu. Wengi huwa hawajijui, kwa sababu presha haiumi. Mtu analima, anacheka, anaimba kwaya, mpaka siku anapoanguka kwa kiharusi, au moyo na figo vinaposhindwa kazi. Chumvi nyingi si sababu pekee, maana umri, unene, pombe na kurithi navyo vimo. Lakini chumvi ni sababu moja ambayo mama mwenye mwiko mkononi anaweza kuipunguza leo jioni bila kumwomba mtu fedha.

KIJIKO KIMOJA KWA SIKU

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Hizo ni sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu. Wala si kwa mlo mmoja. Ni kwa siku nzima, pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate, samaki wa chumvi na chipsi za kando ya barabara. Watoto wanahitaji pungufu ya hapo.

Unaweza kupima mwenyewe nyumbani. Familia ya watu wazima sita ikifuata ushauri huo, pakiti ya chumvi ya nusu kilo haiishi kabla ya siku 16. Andika tarehe kwa kalamu juu ya pakiti siku unapoifungua. Kama inakwisha baada ya wiki moja, basi kila mtu hapo nyumbani anakula zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachofaa, na hapo hatujahesabu chumvi ya vyakula vya kununua.

Sasa nieleze jambo linalowapotosha wengi. Mama mmoja wa makamo alihudhuria kliniki ya presha miezi kadhaa, dawa akimeza bila kukosa, na presha haishuki. Alipoulizwa habari za chumvi alijibu kwa uhakika: "Dada nesi, chumvi nimeiacha kabisa. Siku hizi naunga mboga kwa vidonge tu." Mchana vitatu, jioni viwili, kwa watu watano.

Soma maandishi madogo ya pakiti ya vidonge hivyo. Mara nyingi kitu cha kwanza kilichotajwa ni chumvi. Kwa kawaida karibu nusu ya uzito wa kidonge ni chumvi, pengine zaidi. Kidonge cha gramu 4 huwa na gramu 2 hivi. Kwa hiyo vidonge vyake vitano vilileta gramu 10 za chumvi, yaani gramu 2 kwa kila mtu, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Aliiacha chumvi ya mfuko mmoja akainunua katika mfuko mwingine, tena kwa bei ya juu. Unga wa mchuzi wa pakiti nao uangaliwe vivyo hivyo.

Na magadi je? Huku kwetu wengi hawapiki mlenda bila magadi, na wengine huyatia kwenye maharage ili yaive upesi. Magadi si chumvi ya mezani, lakini yana sodiamu, madini yale yale yaliyomo ndani ya chumvi ambayo hupandisha presha. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yale yakamwagwa, yataiva vizuri bila magadi. Kwa mlenda najua nagusa jambo zito. Sijakutana na bibi aliyekubali kuyaacha moja kwa moja. Basi, Bibi, tia nusu ya ulichozoea, na chumvi usitie tena juu yake.

CHUNGU KIMOJA KWA NYUMBA NZIMA

Mgonjwa anapoambiwa apunguze chumvi, mara nyingi nyumbani huwekewa kisufuria chake pembeni. Wenzake wanakula mboga iliyokolea, yeye anakula mboga iliyochemka na maji. Wiki ya kwanza anavumilia. Wiki ya pili anaonja kidogo ya wenzake. Wiki ya tatu kisufuria kinarudi kabatini, na hospitali atasema kwamba anafuata masharti. Simlaumu. Hakuna binadamu anayeweza kula chakula kisicho na ladha miaka ishirini, na presha ni ugonjwa wa miaka ishirini.

Dawa yake ni kupika chungu kimoja chenye chumvi kidogo na viungo vya kutosha, wale wote: baba mwenye presha, mama asiyejua kama anayo, na watoto ambao ndimi zao bado hazijazoea chumvi nyingi. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2015 uliwafuatilia watu waliofundishwa kupika kwa viungo na majani yenye harufu badala ya chumvi, ukawalinganisha na watu walioachwa wajitahidi wenyewe. Waliofundishwa viungo walitumia chumvi kidogo zaidi. Tena ulimi hujifunza. Ukipunguza kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa ile mboga ya zamani utaiona ni kali kwa chumvi. Kwa hiyo usikate chumvi yote siku moja. Wiki hii toa robo, wiki ya tatu toa robo nyingine, huku ukiongeza viungo.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu jambo moja. Chumvi hiyo kidogo unayobaki nayo iwe ile yenye madini joto, iliyofungwa kwenye pakiti na kuandikwa hivyo. Madini joto humkinga mtu na tezi la shingo na huujenga ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke wa jiko.

VIUNGO NA MAJINA YAKE

Majina ya viungo huchanganya watu. Binzari nyembamba ni zile mbegu ndogo ndefu zenye mistari, ambazo Wazanzibari wengine huziita uzile na Wakenya huziita jira. Binzari manjano ni mzizi unaofanana na tangawizi, nao ndio unaotoa rangi ya njano. Giligilani ni mbegu za mviringo, nyepesi, ambazo wengine huziita dania. Ukimtuma mtoto dukani akalete "binzari" bila kumwambia ni ipi, atakuletea yoyote aliyopewa.

Mkoa wetu wa Morogoro una bahati. Kwenye milima ya Uluguru, pande za Kinole, Mkuyuni na Matombo, wakulima wana karafuu, mdalasini, pilipili manga na iliki. Anayekwenda Morogoro mjini kwa shughuli zake aagizwe, maana pale sokoni huuzwa kwa kipimo na si kwa vile vifuko vidogo ambavyo, ukihesabu, ni ghali mara nyingi. Binzari nyembamba nyingi hutoka nje ya nchi, hasa India. Vitunguu havina shida kwetu. Kila basi linalopita Ruaha Mbuyuni huja navyo.

Tangawizi na binzari manjano unaweza kupanda mwenyewe pale chini ya migomba, penye kivuli na unyevu. Binzari manjano huchimbwa majani yakishakauka, baada ya miezi minane au tisa hivi. Osha mizizi, ichemshe mpaka ilainike kidogo, ikate vipande vyembamba, uianike juu ya uchanja au mkeka safi, usianike kamwe chini kwenye udongo ambako kuku na mbuzi wanapita. Imekauka pale inapovunjika kwa sauti. Ikipinda bado.

KWA NINI USAGE MWENYEWE

Unga uliokwisha kusagwa huficha mengi. Mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi wafanyabiashara wa Bangladesh walivyokuwa wakiipaka binzari manjano rangi ya njano ya viwandani yenye madini ya risasi, ili ing'ae na ipendwe na wanunuzi. Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto, tena pole pole, bila homa wala kutapika, na mtoto anayeonekana mzito darasani hakuna anayemhisi. Sumu hiyo ilikuwa imekutwa kwenye damu ya wajawazito wa vijijini. Serikali yao ilikaza kamba, wafanyabiashara wakatozwa faini, na sokoni tatizo likapungua sana kufikia mwaka 2021. Uingereza nayo mwaka 2005 iliondoa madukani mamia ya aina za vyakula kwa sababu ya unga wa pilipili uliotiwa rangi nyekundu isiyofaa kuliwa.

Sisemi kwamba unga wa dukani kwako una sumu. Nasema kwamba mbegu nzima inajionyesha yenyewe: unaiona, unainusa, unaivunja kwa jino. Katika pilipili manga chungulia kama hazikuchanganywa na mbegu za papai zilizokaushwa. Hizi ni nyepesi na hazina ule ukali. Binzari manjano inunue ikiwa mzizi, na ile yenye njano ya kung'aa kupita kiasi iache.

Adui mwingine ni ukungu. Masika ya Kilosa mnayajua, na mtu aliyekuwapo mafuriko ya Mkondoa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 anajua jinsi unyevu unavyoharibu kila kitu kilichomo ndani. Pilipili, tangawizi kavu na kungumanga, kama karanga na mahindi, vikikaa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu. Sumu hiyo hushambulia ini. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, walioila kwenye mahindi. Kukaanga hakuimalizi sumukuvu, kuosha hakuiondoi, na kuanika tena juani ni kujidanganya. Kiungo kilichoota ukungu au kinachonuka uvundo kitupwe, tena shimoni. Wala kisitiwe kwenye chakula cha kuku, kwa maana kuku naye hudhurika.

JINSI YA KUTENGENEZA

Mchanganyiko huu ni wa mboga za kila siku, si wa pilau, kwa hiyo karafuu na iliki ni chache. Kwa kijiko cha chakula pima mbegu za giligilani vijiko 6, binzari nyembamba vijiko 4, pilipili manga kijiko 1. Ongeza iliki 10, karafuu 8, na vijiti viwili vya mdalasini vyenye urefu wa kidole. Weka kando binzari manjano iliyosagwa kijiko 1 na tangawizi kavu iliyosagwa kijiko 1. Mwenye kuipenda shamari au uwatu anaweza kuongeza kijiko kimoja cha chai, lakini uwatu ukizidi mboga huwa chungu. Chumvi usitie hata punje. Ukishachanganya chumvi na binzari, hutajua tena unakula kiasi gani. Na pilipili kali isagwe peke yake, ikae kwenye chupa yake, kwa ajili ya watoto na wale isiowapatana.

Chagua mbegu kwenye ungo, toa mawe na vijiti. Usizioshe, na kama umelazimika kuziosha zikaushe kabisa juani siku hiyo hiyo. Tafuta kikaango kikavu kisicho na mafuta, uweke juu ya mkaa uliokwisha kushika majivu. Moto mkali ndio unaoharibu kazi hii, si kitu kingine. Anza na giligilani na mdalasini uliovunjwavunjwa, koroga dakika mbili. Kisha tia binzari nyembamba, pilipili manga, iliki na karafuu, uendelee kukoroga dakika mbili au tatu nyingine. Utajua kwa pua: harufu inapoanza kujaa jikoni na majirani wakauliza mnapika nini, epua mara moja. Usiziache kwenye kikaango, kwa sababu chuma kinaendelea kuzichoma. Zimwage kwenye sinia. Zilizoungua zikawa nyeusi ni chungu na hazitengenezeki tena.

Kukaanga huku kuna faida mbili. Kunaamsha mafuta ya harufu yaliyomo ndani ya mbegu, na kunapunguza vijidudu, maana viungo vingi huanikwa wazi huko vinakotoka, vikakanyagwa na kupitiwa na wanyama. Hakuviui vyote. Ndiyo maana nashauri binzari ipikwe ndani ya mboga na isinyunyizwe juu ya chakula kilichokwisha kupakuliwa.

Acha zipoe kabisa. Ukisaga zikiwa na joto, mvuke utabaki kwenye unga na baada ya wiki mbili utakuta madonge. Twanga kwenye kinu kidogo kilicho kikavu, chekecha, rudisha chenga kinuni, twanga tena. Wenye mashine ndogo ya umeme na watumie. Mashine ya kusagia mahindi siipendi kwa kazi hii: itabaki na unga wa wengine, na mwenye kuleta mahindi baada yako atakulalamikia. Mwisho changanya binzari manjano na tangawizi.

Tia kwenye chupa ya kioo iliyooshwa na kukauka, ifungwe vizuri, uandike tarehe. Iweke kabatini, mbali na jua na mbali na jiko. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu siku zote, na usifungue chupa juu ya sufuria inayofuka mvuke. Kiasi hiki kwa familia inayotumia kijiko kimoja cha chai kwa siku kitatosha mwezi mmoja hivi, na ndivyo inavyofaa, kwa sababu unga hupoteza harufu baada ya miezi miwili mitatu. Mbegu nzima hukaa mwaka na zaidi. Kwa hiyo nunua nyingi, usage kidogo. Akina mama wa jumuiya moja wanaweza kununua pamoja kwa kipimo kikubwa na kugawana. Sijui kwa nini tunachangia sufuria za sherehe tusichangie viungo.

KWENYE SUFURIA

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutia binzari mwishoni, juu ya mchuzi unaochemka. Ikitiwa hivyo huleta ladha ya unga. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo mpaka kilainike, tia kitunguu saumu, kisha kijiko kimoja cha chai cha binzari yako. Koroga nusu dakika tu, halafu tia nyanya upesi isije ikaungua. Baada ya hapo tia maharage, kunde, njegere, nyama, kabichi, bilinganya, chochote ulichonacho. Maharage hupenda zaidi kidogo, kijiko kimoja na nusu kwa sufuria ya watu sita. Mchicha na matembele yatosha nusu kijiko.

Chumvi itie mwishoni, baada ya kuonja. Ukiitia mwanzoni mchuzi unapungua chumvi inabaki, na mwishoni umezidisha. Ipime kwa kijiko, usimwage kutoka kwenye pakiti. Na chombo cha chumvi kisiwekwe mezani. Baba mwenye mazoea ya kunyunyiza kabla hajaonja, mama amwelewe, lakini asimpelekee.

Uchachu ni msaidizi mkubwa ambao wengi hawaufikirii. Ndimu ikikamuliwa kwenye mboga hufanya chumvi kidogo ionekane nyingi ulimini. Ukwaju tunao tele, mibuyu imejaa ukishuka kuelekea Mbuyuni, na maembe mabichi msimu wake hayana bei. Loweka ukwaju, chuja, tia vijiko viwili vya maji yake kwenye samaki au dagaa. Karanga za kusaga na tui la nazi pia hutuliza ulimi, ila wanene wapunguze tui.

Dagaa wakavu na samaki wa chumvi waloweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, umwage maji hayo, uwasuuze. Kisha wapike na binzari na ndimu bila kuongeza chumvi hata kidogo. Onja kwanza ndipo ubishe.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, viungo vinaleta vidonda vya tumbo? Hapana. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria anayeishi tumboni, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini zinazomezwa ovyo. Lakini mtu mwenye kidonda ambaye pilipili inamchoma, aiache mpaka apone. Binzari isiyo na pilipili wengi huivumilia. Na mwenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu apimwe, asimalize mwaka akijitibu kwa maziwa.

Je, binzari manjano au mdalasini inatibu presha au kisukari? Usiache dawa. Ninalisema hili kwa uzito, kwa sababu kuna watu wanaouziwa unga wa mdalasini na kuambiwa watupe vidonge vyao. Mdalasini uko wa aina mbili: ule wenye maganda membamba yaliyojikunja tabaka kwa tabaka, na ule wenye ganda moja nene, gumu. Huo mnene una kemikali ambayo ikinywewa vijiko kwa vijiko kila siku huweza kuumiza ini. Kwenye mboga hauna neno. Na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, kama wofarini, asinywe binzari manjano kama dawa bila kumwambia daktari. Viungo vinakusaidia kwa sababu vinachukua nafasi ya chumvi. Kazi hiyo inatosha.

Mjamzito anaweza kula viungo? Kwa kiasi cha chakula, ndiyo, na tangawizi kidogo kwenye chai huwasaidia baadhi yao kichefuchefu cha asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Baada ya hapo binzari kidogo ndani ya chakula cha familia haimdhuru, ila asitiwe pilipili, na chumvi asiongezewe.

Kungumanga nimeiacha nje ya mchanganyiko huu kwa makusudi. Ikikunwa kidogo kwenye uji au maandazi haina shida. Lakini vijiko viwili vya chai vya unga wake, ambavyo kijana anaweza kuvinywa kwa kusikia kwamba vinalewesha, humfanya mtu aweweseke, moyo uende mbio, atapike, na hali hiyo huweza kudumu siku nzima au zaidi. Ifungie mahali watoto hawafiki.

Mwisho, pilipili. Usiikaange wala kuitwanga ukiwa na mtoto mgongoni, wala ndani ya chumba alimolala mwenye pumu. Moshi wake hubana kifua. Fanyia kazi hiyo nje, upepo ukiwa nyuma yako. Mikono inayowaka ipake mafuta ya kula kwanza, kisha ioshe kwa sabuni, kwa sababu ukali wa pilipili haukubali maji matupu. Mtoto akijipaka machoni, mlaze, umfungue jicho kwa vidole safi, ummiminie maji safi ya baridi polepole kwa dakika 15, hata kama analia. Usimtie mafuta jichoni, wala maziwa, wala dawa ya macho iliyobaki ya mwaka jana. Jicho likiendelea kuuma baada ya saa moja, au akisema haoni vizuri, mleteni hospitali siku hiyo hiyo.